Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya watoto wa Dodoma: mlezi wa mchana hayumo kwenye mipango yenu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu;
Waheshimiwa viongozi wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma;
Wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zetu nane;
Waheshimiwa wabunge mnaokaa nasi mjini hapa kila Bunge la Bajeti.

YAH: MTU ANAYEKAA NA MTOTO WAKATI MZAZI YUKO KAZINI

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kwenye kliniki za mama na mtoto za mkoa huu, vijijini na mjini, na sasa naishi Nkuhungu. Nimepima watoto wengi, nimejaza kadi nyingi, nimetoa somo la lishe kwenye mabenchi yaliyojaa akina mama wenye haraka ya kurudi shambani au sokoni. Ninalowaandikia ni jambo moja, na naomba mlisome hadi mwisho kwa sababu limenikaa moyoni muda mrefu: mipango yenu ya malezi inazungumza na mzazi, lakini kutwa nzima mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine ambaye mipango hiyo haimjui.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile MMMAM tuliyozoea kuisikia kwenye mikutano. Ni kazi nzuri, nasema bila kusitasita. Kwa mara ya kwanza mambo matano yaliwekwa kwenye kapu moja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto, tangu azaliwe hadi miaka 8. Kabla ya hapo kila wizara ilivuta upande wake, mtoto yuleyule akawa wa chanjo Jumatatu na wa elimu atakapofika miaka mitano, na katikati hana mwenyewe. Programu hiyo ilipangwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26. Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike sasa, maana mpango ukishachapwa na kuzinduliwa kwa ngoma, kuubadilisha ni shida.

Niwaeleze huyo mlezi wa mchana ni nani, kwa jinsi nilivyomwona.

Hapa mjini kwanza. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179 katika Jiji. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, familia changa zimekuja kwa wingi, na nyingi zimekuja bila bibi, bila shangazi, bila jirani waliyekua naye. Aliyejaza pengo hilo ni dada wa kazi. Anatoka Mpwapwa, Kondoa, Singida, au mbali zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi baba na mama wanatoka, na wakati wa kurudi ni giza. Katikati hapo, mtoto wa miezi saba anaamka, analia, anakula, anaumwa, anajifunza kukaa na kutambaa, na mtu pekee aliye mbele yake ni binti wa miaka kumi na saba, wakati mwingine kumi na tano, ambaye pia anafua, anapika, anadeki na kuchota maji siku ambazo bomba limekauka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za watumishi wa umma wa makao makuu ya nchi, mtoto analea mtoto. Huyu mkubwa hajafundishwa chochote kuhusu huyu mdogo. Ikitokea video ya dada anayempiga mtoto, nchi nzima inawaka kwenye simu zetu, na ni haki iwake. Ila sijasikia mtu akiuliza binti yule analala saa ngapi, analipwa nini, na nani alimweleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja anapolia bila kukoma anakuwa anasema kitu. Hasira yetu inamfikia siku ya video. Siku nyingine zote hatumwoni.

Kuna akina mama ambao hawana uwezo wa kuweka dada. Nendeni kwenye miamba ya pembezoni mwa mji mnakochimbwa mawe, mtawakuta wakiponda kokoto, mtoto amelazwa kwenye kanga chini ya kivuli cha gunia, vumbi likimwangukia. Nendeni Majengo na Sabasaba alfajiri, muone watoto waliolala kati ya matenga ya nyanya. Mwenye kumudu kidogo anampeleka mwanawe kwa mama wa mtaani, chumba kimoja, watoto kumi na tano au ishirini, mkeka na ndoo ya uji. Hizo ndizo dei kea za wengi. Hazina bango, na mara nyingi hazina usajili.

Vijijini sura ni nyingine. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mkulima wa uwele na mtama hana ruhusa ya kuchelewa. Mama wa Bahi au Chamwino anaondoka gizani na jembe, mara nyingi shamba liko mbali na nyumba. Anayenyonya anambeba. Aliyeacha kunyonya, au anayekaribia, anabaki na bibi, au na dada yake wa miaka minane ambaye siku hiyo haendi shule. Miezi hiyohiyo ndiyo ghala limepungua, mbu wameongezeka na maji ya madimbwi yanaleta kuhara. Kazi nyingi kuliko wakati wote, chakula kidogo kuliko wakati wote. Mtu akitaka kujua kwa nini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala kuanzia Januari, jibu liko hapo.

Sasa tazameni huduma zetu zinamfikia nani. Siku ya kliniki, mtoto anavalishwa kaptura ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, chanjo inatolewa kama imefika, na mama anaambiwa: mpe chakula mchanganyiko, mara nyingi kwa siku, mzuie asichafuke, cheza naye. Mama anaitikia. Anajua kabisa kwamba mchana hatakuwepo. Mara nyingine anayemleta mtoto ni dada wa kazi au bibi, na nimesikia, kwenye zaidi ya kituo kimoja, akijibiwa: "Mwambie mama yake aje mwenyewe." Yaani mtu anayemlisha mtoto mara tatu kati ya nne amefika mpaka kwenye meza yetu, ameketi, ana masikio, tunamrudisha bila neno.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate mlo mara tatu hadi nne kwa siku, na kitu cha kutafuna katikati. Mama anayetoka alfajiri na kurudi jioni anaweza kusimamia mlo mmoja, labda miwili. Iliyobaki ni ya mlezi wa mchana. Kama hajui kwamba uji mwepesi unajaza tumbo bila kujenga mwili, atampa mwepesi, kwa sababu unaenda haraka na mtoto ananyamaza. Wala kwetu hatukosi cha kutia kwenye uji. Tuna uwele, tuna karanga, alizeti, kunde, ubuyu, mlenda wa aina nyingi. Uji wa uwele uliosagwa vizuri na karanga zilizochambuliwa unampa mtoto nguvu kuliko pakiti za unga zenye nafaka saba ninazoona zikiuzwa kwa bei ya juu. Nimeandika "zilizochambuliwa" kwa makusudi. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu mkoani kwetu na Manyara, na karanga na mahindi yenye ukungu bado yanaingia kwenye vinu vyetu. Anayechambua karanga za uji wa mtoto ni nani? Ni yuleyule bibi, yuleyule dada.

Takwimu za taifa zinasema hivi: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Tumeshuka, lakini polepole mno kwa nchi yenye shehena ya mipango kama yetu. Na mikoa inayoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo sisi wa nyanda kavu huiangalia kwa wivu kwa sababu ya mahindi, viazi na maziwa yake. Njaa peke yake haielezi hilo. Mikoa ile ina chakula na ina kazi nyingi za shamba zinazomwondoa mama nyumbani, na mtoto anabaki na chakula kilichopo bila mtu wa kumlisha kwa wakati na kwa subira. Hayo ni maoni yangu baada ya kuzungumza na wenzangu waliofanya kazi huko, na niko tayari kusahihishwa, ila sioni maelezo mengine yanayofanana na ninachokiona kila siku.

Lishe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo viongozi wengi huiona kama mambo ya akina mama, kuimba na kuchekacheka na watoto. Mtoto akifika miaka miwili ubongo wake unakuwa umefikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Njia za fahamu hujengwa kwa kutumika: mtoto anatoa sauti, mtu anamjibu, ananyoosha kidole, mtu anamtajia jina la kitu, anaanguka, mtu anamtazama usoni na kumtuliza. Huo ndio mwitikio unaotajwa kwenye programu yenu. Mtoto asiyejibiwa wiki hadi wiki hupunguza kuuliza. Mnaweza kumkuta safi, ameshiba, amelala kimya kwenye mkeka, wageni wakamsifu kwamba hana usumbufu. Sisi tuliokaa kliniki tuliuogopa ukimya ule kuliko kilio.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila diwani aujue. Ulifanyika Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986, chini ya Sally Grantham-McGregor na wenzake. Walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi. Kuna waliopewa maziwa ya unga kila wiki, kuna ambao nyumba zao zilitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kwa wiki, kuna waliopata vyote na ambao hawakupata. Mhudumu yule hakuwa daktari wala mwalimu. Alikwenda na midoli iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, akakaa chini, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, wiki iliyofuata akarudi. Miaka miwili tu. Watoto wale walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, wakawa wamewafikia wale ambao hawakudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo kwenye kipato.

Utafiti ni mdogo, nakubali, na Kingston si Dodoma. Lakini watu wachache duniani wamewafuatilia watoto kwa miaka ishirini, na jambo lililofanya kazi pale ni rahisi kiasi kwamba linatutia aibu: mtu mmoja wa kawaida, anayerudi kila wiki, anamfundisha anayekaa na mtoto. Kwetu midoli ipo. Chupa ya maji yenye maharage ndani ni kayamba. Magunzi ni wanasesere. Vifuniko vya soda ni hesabu. Na bibi wa Kigogo hahitaji mtu wa kumfundisha kuimba. Anahitaji kuambiwa na mtu mwenye sare kwamba nyimbo zake na hadithi zake ni sehemu ya afya ya mjukuu, ili asione anapoteza muda, na aelezwe mambo machache ambayo hakuyapata: maji ya kunawa, dalili za hatari za homa, uji mzito.

Waheshimiwa, mtu wa kufanya kazi hiyo tayari mmempanga. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikia 137,294 nchi nzima, wawili kila kitongoji na mtaa. Nilifurahi sana siku ile. Hofu yangu ni kwamba wanapewa kila kitu: malaria, kifua kikuu, uzazi wa mpango, vyoo, takwimu za kila namna. Atakayebebeshwa yote atafanya yanayoulizwa na msimamizi, na msimamizi huuliza idadi. Naomba kwenye fomu yake ya mwezi pawe na mstari unaouliza nyumba ngapi zenye mtoto wa chini ya miaka mitatu amezitembelea mchana, saa ambazo mlezi halisi yupo, akakaa naye kwenye mkeka pamoja na mtoto. Mstari mmoja unabadilisha kazi ya mtu. Nimeona hivyo kwenye fomu zetu.

Vilevile kliniki imfungulie mlango mlezi wa mchana. Kadi ina nafasi ya jina la mama na la baba. Iandikwe pia anayekaa na mtoto mchana ni nani, na akija asikilizwe. Haina gharama zaidi ya wino.

Kuhusu dei kea za mitaani nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa sera inaumiza watu wema bila kukusudia. Sheria inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na ni sawa. Lakini masharti ya jengo, uzio, vyoo na mlezi mwenye cheti yanamfaa mwenye mtaji. Mama wa Chang'ombe mwenye chumba kimoja, anayelea watoto wa wauza mboga kwa malipo kidogo ya kutwa, hawezi kuyafikia, na hawezi pia kuacha, kwa kuwa wateja wake hawana kwingine. Basi anajificha. Afisa ustawi wa jamii akionekana mtaani, mlango unafungwa na watoto wanaambiwa wanyamaze. Mtoto akipata homa, mama yule anaogopa kumpeleka zahanati asiulizwe ni wa nani. Sheria iliyotungwa kumlinda mtoto imemweka mahali ambapo hakuna jicho linalomfikia.

Ninachopendekeza ni daraja la chini la usajili kwa vituo vya nyumbani: watoto wachache waliowekewa ukomo, mafunzo ya wiki kadhaa yanayotolewa na halmashauri bure, ukaguzi unaoanza na ushauri kabla ya faini. Mambo ya hatari yasilegezwe hata kidogo: jiko na moto mbali na watoto, maji salama, choo, na kutovumilia kipigo wala unyanyasaji wa aina yoyote. Hayo hayahitaji jengo la mamilioni. Halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi, ambayo asilimia nne yake ni ya wanawake; kikundi cha walezi kipewe mkopo wa magodoro na matangi ya maji kama kikundi cha batiki kinavyopewa wa vitambaa. Na kwenye masoko, pale halmashauri inapokusanya ushuru kila asubuhi kutoka kwa mama huyohuyo, pajengwe chumba cha watoto. Ushuru wake unatosha kudai hicho.

Kwa waajiriwa, sheria ya kazi inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa aliyejifungua mapacha, na baba siku tatu. Wakati huohuo sisi wauguzi tunamwambia mama anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi sita. Siku 84 ni chini ya miezi mitatu. Pengo lililobaki linajazwa na saa mbili za kunyonyesha kwa siku ambazo sheria inampa mama akiwa kazini. Fanyeni hesabu ya mtumishi aliyeko Mji wa Serikali Mtumba na mtoto wake yuko Nkuhungu. Kutoka Mtumba mpaka katikati ya mji pekee ni zaidi ya kilomita 15. Saa mbili zinaishia kwenye daladala kwenda na kurudi. Haki ipo kwenye karatasi, titi liko ofisini, mtoto yuko upande wa pili wa jiji. Kila taasisi kubwa pale Mtumba iwe na chumba cha kunyonyeshea na kituo cha watoto jirani, na dada wa kazi anayetaka aruhusiwe kuja na mtoto na kukaa hapo, apate na mafunzo hapohapo. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa kumpa nafasi zaidi mama wa mtoto njiti, jambo lililotupa moyo sana. Endeleeni. Na siku tatu za baba ziongezwe. Baba aliyemwogesha mwanawe tangu wiki ya kwanza nimemwona kliniki miaka miwili baadaye, anajua kadi ilipo na chanjo iliyobaki.

Mama wa kokoto hana mwajiri, hivyo hana siku hata moja. Kwake yeye sera ya malezi ni kile chumba cha soko, ni yule mhudumu wa jamii, na ni TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, pale kaya yake inapokuwa kwenye orodha.

Darasa la awali nitaligusa tu. Sera inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mwenye mtoto kwenye shule ya msingi ya jirani anajua tulivyo mbali na hapo. Mwalimu wa awali anapokea watoto waliokwishatofautiana sana, na tofauti hiyo ilijengwa kabla hajawaona. Machi 2023 mlipiga marufuku watoto wa awali hadi darasa la nne kulala bweni, nikashukuru, kwani mlitambua kwamba mtoto mdogo anahitaji nyumbani. Basi tuitazame hiyo nyumbani tuliyomrudisha: saa nane mchana, nani yupo?

Najua swali la fedha. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 Mheshimiwa Rais Samia aliusimamia upya hapahapa Dodoma. Ndani yake halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, kutoka mapato yake ya ndani. Shilingi 1,000 kwa bei za Majengo ni mayai mawili au matatu. Kwa mwaka mzima. Hata hiyo, kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine, na mwananchi wa kawaida haoni popote kiasi kilichotolewa na kazi iliyofanywa nacho. Kiwango kipandishwe, na sehemu yake iliyotajwa wazi iende kwenye mafunzo ya walezi wa mchana, isiishie kwenye posho za vikao vya tathmini.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa hapa Julai 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo atakuwa na miaka 25 Dira itakapofika mwisho wake. Ndiye mhandisi, mkulima na muuguzi mnayemwandika humo. Leo hii yuko na binti wa miaka kumi na saba, au na bibi mwenye macho hafifu, au kwenye mkeka wa mama wa mtaani, na hao watatu hawajaalikwa kwenye kikao chochote cha wadau.

Ombi langu la karibu ni dogo. Kwenye mabaraza ya madiwani ya robo mwaka ijayo, kila moja ya halmashauri zetu nane itangaze mbele ya wananchi mambo matatu: fedha za lishe zilizotengwa na zilizotoka kweli, idadi ya nyumba na vyumba vinavyolea watoto mchana katika kila mtaa na kijiji, vyenye usajili na visivyo nao (ihesabiwe kwa ahadi kwamba hakuna atakayefungiwa kwa kujitokeza), na idadi ya walezi wa mchana waliopata mafunzo yoyote. Wenyeviti wa mitaa wanaweza kuifanya hesabu hiyo ya pili ndani ya mwezi, wanajua kila mlango. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa na vijiji. Mikutano ya baraza iko wazi kwa umma, nami nitakuja kusikiliza ule wa Jiji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.